Nyanya Asema Ishirini na Nne Nukta Sita

Jumatatu, 19 Januari 2026

Leo tumekabidhiwa Nyanya! Hamza alimkumbatia kifuani kama mtoto wa siku mbili, tukatoka maktaba mbio kabla kundi lingine halijamwona.

Niandike vizuri, maana nikizeeka nitasahau. Nyanya ni ripoti. Ripoti ya mradi wa mwaka wa tano, uhandisi wa ujenzi, kurasa arobaini na moja. Anaitwa Nyanya kwa sababu jalada lake ni jekundu, na kwa sababu ripoti zote za idara yetu ni wajukuu zake. Darasa linalomaliza linamwachia linalofuata. Ni fotokopi ya fotokopi ya fotokopi — jina la mwandishi lilishafutika zamani.

Nyanya anajua nambari. Unakoroga zege, unalimwaga kwenye kalibu ya chuma, unapata mchemraba ambao sisi tunauita kyubu. Unauloweka siku ishirini na nane. Kisha unauweka kwenye mashine na kuuponda, uone utapasuka kwa nguvu gani. Utapasuka kwa niutoni 24.6 kwa kila milimita ya mraba. Nyanya amesema! Waliotangulia waliongeza maganda ya mayai wakapata 24.9. Wengine unga wa chupa, 24.1. Mwaka juzi mtu aliweka nywele za kinyozi na bado akapata 24.4. Kila kitu duniani ukikichanganya na saruji kinatoa ishirini na nne na ushee.

Mimi na Hamza tutaweka majivu ya magunzi ya mahindi. Huku kwetu magunzi yamejaa kila boma.

Hamza tayari ameandika hitimisho. Anasema ni vizuri kumaliza sehemu ngumu mapema.

Jumatano, 21 Januari

Maabara. Mashine ya kuponda iko palepale, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Ilikufa 2018. Inataka mpira mmoja tu wa kuzuia mafuta, mdogo kama bangili, lakini barua ya kuuomba bado inazunguka maofisini. Hiyo barua imekaa chuoni miaka mingi kuliko mimi.

Mzee Ng'ang'a, fundi wa maabara, hataki kusikia neno kufa. "Hii haijakufa," anasema. "Imerara." Kwake kila l ni r. Anaipangusa vumbi kila asubuhi. Katikati, kati ya vyuma viwili ambavyo ndivyo vya kuponda, anaweka flaski yake ya chai. Inatoshea sawasawa.

Nikamuuliza ni lini mwanafunzi aliponda kyubu hapa mara ya mwisho. Akahesabu kwa vidole, mkono mmoja ukaisha, akahamia wa pili.

Miaka mitano nasomea nguvu ya zege na sijawahi kuona zege likipasuka! Najua fomula zake zote. Kyubu zenyewe tunakoroga kila mwaka ili zipigwe picha za ripoti, basi. Baadaye zinakuwa viti. Leo nimekula chapati nimekalia mradi wa mtu wa 2022.

Jumamosi, 24 Januari

Nyumbani, Kiplombe, nje kidogo ya Eldoret. Tumechoma magunzi kwenye pipa tangu asubuhi. Moshi umeingia mpaka kwenye nywele. Majirani walipita mmoja mmoja kuuliza kama kuna shida.

"Sasa hii ndio digrii?" Mama akauliza, akiwa ameshika kiuno. "Kuchoma takataka?"

Nikamweleza. Majivu yanachukua nafasi ya sehemu ya simiti, gharama inashuka, zege linabaki na nguvu. Hamza akaongeza maneno yake matamu. Mama anampenda Hamza, anamwekea chai kwenye kikombe cha wageni. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akaangalia zizi. Ng'ombe wetu Waziri alikuwa amezama kwenye matope mpaka magoti, kama kawaida yake.

"Kwa hivyo mkipata hiyo nambari, naweza kuweka haya majivu kwa sakafu ya Waziri?"

"Unaweza, Mama!" nikasema. Haraka sana.

"Sawa. Nitamwambia fundi Mungai angoje nambari yako."

Njiani kurudi nilitangulia mbele peke yangu. Hamza akauliza nina nini. Nikamwambia nambari tunayo tayari, iko kwenye begi lake, na Mama ataimwagia sakafu. Waziri ana kilo mia nne na ushee. Hamza akasema ng'ombe hawasomi ripoti. Sikucheka.

Jumanne, 27 Januari

Tumekoroga. Ukurasa wa nne wa Nyanya: kwa kila kilo moja ya saruji, maji 0.80. Tukapima hivyohivyo. Zege lilitoka kama uji wa chekechea. Halikuhitaji hata kushindiliwa, lilijisambaza lenyewe kwenye kalibu kwa adabu.

Kyubu sita: tatu zenye majivu, tatu bila. Mzee Ng'ang'a alisimama karibu muda wote. Kuna wakati alifungua mdomo kama anayetaka kusema kitu, kisha akaufunga na kwenda kwenye flaski yake.

Nikamwambia Hamza nataka hizi zipondwe. Kweli kweli, kwa mashine.

Alicheka hadi akakaa chini. "Nyakio, manze! Si tuko na nambari?"

"Ni ya nani?"

"Ni ya Nyanya. Ni ya familia."

Nikamwambia basi ampigie Mama simu amweleze kuhusu familia. Mwishowe akakumbuka kwamba mjomba wake ana malori yanayopeleka kokoto kwa kampuni moja inayojenga barabara upande wa Kaptagat, na kampuni hiyo ina maabara. "Wallahi nitauliza," akasema, kwa ile sauti ya mtu anayetarajia kuambiwa hapana.

Jumatano, 28 Januari

Tumefungua kalibu. Kona ya kyubu moja imebaki ndani. Hamza anasema ni baridi ya Eldoret. Tumeziloweka.

Ijumaa, 6 Februari

Mjomba amesema ndiyo! Hamza ameniletea habari hiyo kama anayeleta ya msiba.

Nimekutana na Dkt. Kiprotich, msimamizi wetu, kwenye ngazi. Anafundisha kozi nne, anasimamia makundi yote kumi na mawili, na ana kikohozi kisichoisha.

"Mnaendelea?"

"Tunaendelea, Daktari."

"Vizuri."

Huo ndio usimamizi wa mwezi huu. Simlaumu. Alikuwa amebeba karatasi za mtihani mpaka kidevuni.

Jumatano, 18 Februari

Ramadhani imeanza. Hamza hana utani kabla ya jua kuzama, na mimi nimebaki kujichekesha mwenyewe.

Halafu habari mbaya. Mtahini wa nje wa mwaka huu ni Profesa Ruwayda, anatoka chuo kingine. Njeri wa kundi la maganda ya mayai amesikia kwamba anasoma kila ukurasa. Mpaka marejeo! Darasa zima limetikisika. Mtu amependekeza tutofautishe nambari zetu kidogo, mwingine aseme 23.8, mwingine 25.3. Wamegawana kama viti vya harusi. Sisi tumepewa 24.6 yenyewe, kwa sababu Hamza ndiye aliyemchukua Nyanya kwanza.

Jumanne, 24 Februari

Siku ishirini na nane zimetimia. Lazima niandike.

Tulitoka asubuhi na boda mbili, kila boda kyubu tatu na mwanafunzi mmoja. Kyubu moja ni kilo nane. Bodaboda wangu aliuliza kama tumeiba kaburi. Kwenye mlima pikipiki zikaanza kulia, na wakimbiaji wa kambi za huko wakatupita mbio, wakatupungia mkono. Hamza amefunga, jua linawaka, amekumbatia zege. Alikuwa ananiangalia vibaya kutoka boda ile nyingine, nami nikajifanya naangalia miti.

Maabara ya kampuni ni kontena moja tu. Ndani kuna msichana anaitwa Cynthia. Ana diploma, ni mdogo kwetu kwa miaka miwili, na anaponda kyubu ishirini kwa siku. Aliishika kyubu yetu kwa mkono mmoja, akaigeuza, akainusa. Akaiweka kwenye mashine.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kishindo. Niliziba hata masikio. Kumbe inaanza kwa kulia kidogo, kri-kri, kama mtu anayetafuna barafu taratibu. Nyufa zinashuka pembeni. Halafu inalegea tu, vipande vinaanguka, na unabaki na kitu chenye kiuno chembamba. Nilijikuta nimeshatoa mikono masikioni. Ni kitu kizuri sana! Miaka mitano nilikuwa nimenyimwa hicho.

Kisha Cynthia akasoma: kumi na moja nukta tano.

Nikamwambia ngoja, haijafika. Akasema imefika na imeshazikwa. Ya pili, 10.9. Ya tatu, 11.2. Wastani 11.2. Nikasema ni majivu, tuponde zile zisizo na majivu. Wastani 13.5! Hamza akakaa kwenye mfuko wa mchanga.

"Maji mliweka ngapi?" Cynthia akauliza.

"Sifuri nukta nane."

Akageuka pole pole. "Nane?"

"Nane."

"Wee! Hiyo si zege, hiyo ni supu. Kwani mnasomea wapi nyinyi?"

"Mbali," Hamza akajibu haraka. "Mbali sana."

Ametuandikia matokeo kwenye karatasi ya kampuni na kugonga muhuri. Nimeiweka ndani ya shajara hii. Naiona sasa hivi na bado siamini.

Jumatano, 25 Februari

Maji yakizidi kwenye zege, nguvu inapungua. Hilo nililijibu kwenye mtihani wa mwaka wa tatu nikapata tano kwa tano. Nilichora hata grafu! Halafu kwa mkono huohuo nikamimina 0.80 kwa sababu karatasi ilisema. Nimejionea aibu kuliko nilivyowahi kujionea.

Nilienda kwa Mzee Ng'ang'a na Nyanya mkononi. Akafungua kabati lake la chini kabisa, akatoa bahasha, na ndani ya bahasha — Nyanya mwenyewe! Wa kwanza. Jalada jekundu ambalo bado ni jekundu, wino halisi. Ukurasa wa nne: 0.50.

Hamsini. Tukaziweka pamoja, ile ya kwanza na hii yetu, na fotokopi nyingine mbili za katikati alizokuwa nazo. Unaona kabisa safari yake. Tano inavimba tumbo. Kwenye inayofuata inaanza kufunga mdomo. Mtu mmoja mwaka 2018 akaamua kumchapa Nyanya upya kwa kompyuta, akaona nane, akaandika nane. Mwaka uleule mashine ilipolala! Kwa hiyo madarasa manane yamekoroga uji, na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyeponda.

Nikamuuliza Mzee kama hakuona.

"Niriona," akasema. "Niriona mnamwaga maji mengi. Nikasema rabda sirabasi imebadirika. Mimi ni nani niwaurize watu wa digrii?"

Nilicheka mpaka machozi, halafu kicheko kikakatika. Nimemkumbuka mmoja aliyemaliza mwaka juzi, sasa anasimamia ujenzi wa ghorofa nne pale mjini. Nimejiambia kwenye saiti kuna mafundi. Mafundi hawaulizi Nyanya.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni nilipofunua jalada la ile ya kwanza aliyoniazima. Jina lipo. K. Kiprotich, 2007.

Ijumaa, 27 Februari

Tumeenda kwake sote wawili. Ofisi yake ina karatasi kila mahali, hata juu ya sinki. Tukawaweka Nyanya wawili mezani.

Aliigusa ile ya zamani kwa kidole kimoja. "Mmemtoa wapi huyu?"

Huyu! Kumbe anamjua kwa jina.

"Hiyo nambari ni ya kweli," akasema. "Kyubu zangu nilizipondea hapo chini. Ng'ang'a akiwa bado na nywele." Akacheka, kicheko kikawa kikohozi, tukamngoja. "Inanirudia mara kumi na mbili kila mwaka. Najisahihisha mwenyewe. Huwa najipa B."

"Mbona si A, Daktari?" Hamza akauliza. Hamza hawezi kujizuia hata akiwa amefunga.

"Hitimisho langu halikuwa zuri."

Nikamwonyesha ukurasa wa nne. Akavaa miwani. Akavua. Akavaa tena. Akasema ukurasa wa nne huwa hausomi, kwa kuwa aliuandika yeye na anaujua. Baada ya hapo hakuna aliyecheka.

Nikamuuliza tuandike ipi. Akapanga kalamu zake moja moja. Mwishowe akasema, kwa sauti ya chini, kwamba tukiandika 24.6 hakuna atakayeuliza kitu. Tukiandika 11.2, Profesa atauliza kwa nini zetu peke yake, na anaweza kusema zege letu limefeli na mradi umefeli. Anayefeli mradi anarudia mwaka. "Siwezi kuwaambia muandike nini," akasema. "Nikifungua mdomo, nimefungua ya madarasa manane."

Nilitoka na hasira. Mtu mzima, daktari, anatutwika mzigo wake! Na wakati huohuo nilimhurumia. Alikuwa bado amemshika Nyanya tulipofunga mlango.

Jumapili, 1 Machi

Hatuongei mimi na Hamza. Yeye anataka 24.6. Mimi nataka 11.2 na maelezo ya maji. Alama ni moja kwa wote wawili, hiyo ndiyo shida ya kufanya mradi wawili wawili.

Ana kazi inamngoja Garissa, lakini mpaka awe na cheti. "Mimi sitaki kuwa shujaa, Nyakio," aliniambia. "Nataka kuwa graduate."

Hakuna alichokosea hapo. Mimi pia nataka kugraduate! Mama ameshaulizia kitambaa cha nguo.

Alhamisi, 5 Machi

Saiba ya mtaa wa Pioneer, duka la kompyuta na kuchapa. Tumechapa ripoti mbili. Zinafanana kila kitu isipokuwa kurasa sita. Moja inasema 24.6, nyingine 11.2, ziko sambamba kwenye meza. Mwisho wa kuwasilisha ni kesho saa sita mchana.

Tulikuwa tunagombana kwa kunong'ona wakati simu ilipolia. Mama. Mikono yangu ilikuwa na gundi, Hamza akapokea na kuweka sauti ya juu.

"Hamza? Ni wewe? Uko poa, mwanangu? Umefunga vizuri?"

"Niko poa, Mama. Nimefunga."

"Sasa sikia. Simiti imefika, fundi Mungai anakuja Jumamosi. Ile nambari yenu ilitoka? Hayo majivu niweke ama nisiweke?"

Hamza alikuwa ameshika simu mbele ya mdomo. Mbele yake kulikuwa na ripoti mbili. Nilijiambia nisiseme kitu. Mtu wa saiba akapunguza redio, sijui kwa nini.

"Hamza? Imekatika?"

"Haijakatika, Mama." "Mama, ngoja kwanza. Usimwage Jumamosi. Hiyo yetu ilitoka vibaya."

"Vibaya aje?"

"Tuliweka maji mengi. Ni makosa yetu. Majivu hayana shida kubwa, lakini tukoroge tena tupime, ndio uweke. Waziri ni mzito."

Mama akasema anashukuru sana kuambiwa mapema, na kwamba chai ya Hamza iko akimaliza kufunga. Akakata.

Hamza aliweka simu mezani. Akachukua ripoti ya 24.6, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa inacheza. "Usiniangalie hivyo," akasema. Nikaangalia kwingine. Nilitaka kumkumbatia lakini ni Ramadhani, na pia angenicheka mwaka mzima.

Ijumaa, 6 Machi

Tumewasilisha. 11.2. Karani aligonga muhuri bila hata kufungua.

Jumanne, 10 Machi

Naandika nikiwa nje ya maabara. Nina nusu saa, pengine dakika ishirini na tano sasa.

Siku ya kutetea miradi. Sisi ni kundi la tisa. Wenzetu waliingia na kutoka wakitabasamu, tai zimenyooka. Profesa Ruwayda ni mwanamke mfupi mwenye sauti laini na kalamu ya kijani. Makundi matano hakuuliza kitu kigumu. Tukaanza kupumua.

Likaingia kundi la sita, kina Njeri, maganda ya mayai, 24.7. Mlango ulikuwa wazi kidogo, nilisikia. Profesa akawauliza swali moja tu. Kyubu yenu ilipopasuka, ilitoa sauti gani?

Njeri akamwangalia mwenzake. Mwenzake akasema, "Boom."

"Boom," Profesa akarudia. Akaandika. Akawaita kundi la saba. Sauti gani? Wakasema ni kama risasi. Kundi la nane, walioingia wakiwa wamesikia, wakasema hawakumbuki vizuri kwa kuwa walikuwa na hisia nyingi.

Tulipoingia sisi hakutuuliza sauti. Alikuwa ameshikilia ripoti yetu, na ile karatasi ya Cynthia yenye muhuri ilikuwa juu. Akasema, "Nyinyi ndio wa kumi na moja nukta mbili." Nikasema ndiyo. Nikamweleza maji, ile 0.80, kosa letu, tulivyotakiwa kufanya. Hamza akaeleza majivu. Profesa alitikisa kichwa cha ndiyo mara tatu, nilihesabu.

Kisha akauliza kwa nini tulipondea kwa kampuni ya barabara, ilhali wenzetu wote wanasema waliponda hapa chuoni.

Dkt. Kiprotich alikuwa amekaa kona ya nyuma. Hakukohoa hata.

Nikawageukia wenzangu. Mlangoni kulikuwa na vichwa kumi hivi. Profesa akasimama, akasema basi tukaione hiyo maabara, na darasa zima likamfuata kama msafara wa mazishi. Mzee Ng'ang'a yuko mlangoni. Anatafuta ufunguo. Amepapasa mifuko yote, ameangalia juu ya mlango, ameangalia chini ya kyubu inayozuia mlango wa nje. Ufunguo ameushika mkononi, nauona kutoka hapa.

Profesa naye ameuona, nadhani, lakini hakumwaibisha. Amenigeukia mimi. Amesema nisimjibu kwa mdomo mbele ya wenzangu. Nikae hapa, nimwandikie ukurasa mmoja: nambari hii niliipataje, na kwa nini haikutoka humu ndani. Amenipa nusu saa, akaenda kunywa maji.

Kwa hiyo nimekaa juu ya kyubu ya mtu. Nimeandika jina langu juu ya karatasi yake, na la Hamza, kisha nikafungua hii shajara badala ya kuendelea. Mkono unajua kuandika humu.

Nikiandika kwamba mashine ilikufa 2018, makundi kumi na moja yamedanganya. Watu ishirini na wawili. Njeri ameninunulia chapati tangu mwaka wa kwanza, sasa anatembea huku na huko kwenye nyasi akijifanya haniangalii. Na Dkt. Kiprotich. Nikiandika kitu kingine, karatasi ya Cynthia itakuwa ya nini? Naogopa sana. Naogopa mpaka nataka kwenda haja.

Hamza amekuja, amechuchumaa mbele yangu. "Andika unavyojua," amesema. "Jina langu si liko hapo juu?" Ameenda kusimama na Njeri.

Mtu amekaa kwenye kyubu ya pili. Ni Dkt. Kiprotich. Simwangalii, naendelea kuandika ili nionekane nina kazi. Anaangalia karatasi ya Profesa pale kwenye goti langu, yenye majina mawili tu. Ametoa kalamu kwenye mfuko wa shati.

"Nyakio," amesema. "Nichanie karatasi na mimi, niandike yangu."

Nimemchania mbili.